Mnyonge na Santuri ya Ng'ambo

Yapo maneno ambayo siku hizi husemwa kwa kujiamini sana hata yakaanza kuchukuliwa kuwa elimu. Mojawapo ni hili: ati bendi haijawa bendi mpaka ipate mkataba na kampuni kubwa ya santuri ya ng'ambo, itoe albamu yake ya kwanza chini ya chapa ya kampuni hiyo, na albamu hiyo iuzwe katika maduka ya London na Paris. Kabla ya hapo, husemwa, bendi ni kikundi cha vijana wanaojaribu. Baada ya hapo ndipo inapozaliwa. Tumeyasikia maneno haya kwa wanafunzi wa sekondari hapa Singida Mjini, jambo ambalo halikutushangaza, maana kijana husema asikiacho. Tumeyasikia pia kwa walimu wao, na hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Kipimo hiki si chetu. Kimetoka katika historia ya muziki wa roki wa Uingereza na Marekani, na huko kwao kina sababu zake. Kuletwa hapa bila kuulizwa kumetutia hasara mbili kwa mpigo: wengine wanajivunia jambo lisilostahili kujivuniwa, na wengine wanalikana jambo ambalo ni lao kabisa. Mfano mmoja watosha kuzionyesha hasara zote mbili, nao ni wa Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, na santuri yao ndefu iliyotolewa Uingereza mwaka 1989 kwa jina la Kiingereza, Songs for the Poor Man.

Tuanze huko kipimo kilikotoka. Katika nchi zile redio hupiga santuri. Asiye na santuri hana redio, na asiye na redio hajulikani nje ya mtaa wake. Santuri nayo ni kazi ya kiwanda: yataka studio, mafundi, mashine ya kufyatulia, majalada ya kuchapishwa, malori ya kusambazia na maduka ya kuuzia. Vijana wanne wenye magitaa hawana vitu hivyo, kampuni inavyo. Kwa hiyo kampuni hutanguliza fedha, bendi hurekodi, na fedha zile hukatwa katika fungu la bendi mpaka deni liishe, huku kanda yenyewe, yaani sauti iliyonaswa, ikibaki kwa kawaida kuwa mali ya kampuni. Huo ndio mkataba wa roki, na aliyeutia sahihi hushangilia siku ile kama mtu aliyepata shamba, kumbe amepata kibarua katika shamba la mwingine.

Bendi ya Queen ilitoa albamu yake ya kwanza Julai 1973 kwa kampuni ya EMI. Vijana wetu wengi wanaijua habari hii vizuri kuliko wanavyozijua habari za bendi za Dar es Salaam, kwa kuwa mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. (Ugomvi wa kama ni wetu au si wetu twawaachia wenyewe Unguja.) Bendi ile haikuwa na fedha za kulipia studio. Ilirekodi katika studio ya Trident, London, katika nyakati ambazo studio haikuwa na kazi, wateja wenye fedha walipokwisha kuondoka. Kabla ya santuri hiyo Uingereza haikuwajua. Kwa bendi ya namna hiyo ni haki kabisa kusema kwamba albamu ya kwanza ndiyo kuzaliwa kwake.

Hapa kwetu mambo hayakuwa hivyo, na mwalimu anayefundisha sanaa za maonyesho bila kulijua hili afadhali asubiri kwanza.

Redio Tanzania Dar es Salaam haikungoja santuri. Ilikuwa na studio yake, nayo iliziita bendi kuja kurekodi: NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Morogoro Jazz, Vijana Jazz, Mlimani Park tangu mwaka 1978, na nyingine nyingi za mikoani. Bendi nzima iliingia studio, magitaa, tarumbeta, ngoma na waimbaji, ikapiga kwa pamoja kama ipigavyo ukumbini, fundi akanasa. Kanda ikitoka hapo ilikwenda hewani. Mkulima wa uwele wa Ilongero mwenye redio ya betri aliusikia wimbo mpya sawasawa na karani wa Kariakoo. Hakuna aliyemwuliza mpiga gitaa kama ana mkataba. Taifa zima lilikuwa ndilo jalada la santuri yake.

Kwa hiyo Remmy Ongala alipoingia studio ya Waingereza hakuwa kijana anayeomba kuzaliwa. Alikuwa mtu wa miaka zaidi ya arobaini. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake. Baadaye akawa na Matimila, iliyokuja kuitwa Super Matimila. Wimbo wake wa Kifo ulikuwa umekwisha kuliza watu katika nyumba ambazo hazijawahi kuona gramafoni. Kusema kwamba mtu huyo alizaliwa kisanaa mwaka 1989, katika kijiji cha Box karibu na mji wa Bath, ni kuwafuta wananchi wote waliomsikiliza kabla ya hapo, kama kwamba sikio la Mtanzania si sikio.

Lakini tusije tukajisifu kupita kiasi. Njia yetu ilikuwa na ubovu wake, tena mkubwa, na kitabu cha utamaduni wa Taifa ndipo mahali pa kuusema.

Tanzania haikupata kuwa na kiwanda cha santuri kilichofanya kazi. Mipango ilikuwapo, lakini santuri hazikutoka. Bendi iliyotaka sahani ilipeleka kanda zake Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, aliyefika na Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, akaiwakilisha nchi yake mbele ya mataifa, alitegemea kampuni za Nairobi kwa santuri zake, na mauti yalimkuta huko Kenya, kwa ajali ya gari, Januari 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Kwa miaka hiyo sita mwanamuziki wa Tanzania alikuwa na redio tu. Na redio, iliyompa masikio ya nchi nzima, haikumpa mrabaha. Wimbo uliweza kupigwa asubuhi, mchana na usiku, mwaka hata mwaka, na mtunzi wake akawa anatembea kwa miguu kwenda mazoezini. Sheria ya Hakimiliki ilikuwapo tangu mwaka 1966; ilikaa kabatini. Baraza la Muziki la Taifa liliundwa mwaka 1974, na BASATA ikafuata mwaka 1984, ila hesabu ya senti za mtunzi ilingoja sheria mpya ya mwaka 1999 na chombo chake, COSOTA, kilichoanza kazi mwaka 2001. Wengi waliokuwa wanadai walikuwa wamekwisha kufa.

Ubovu wa pili ni wa vyombo. Katika lugha ya wanamuziki, vyombo ni magitaa, vipaza sauti, ngoma na mashine zake zote, na mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Ama vyombo vilikuwa vya shirika la umma au jumuiya, na hapo mpiga gitaa aliajiriwa akapata mshahara. Ama vilikuwa vya mfanyabiashara, na hapo mwanamuziki alikula kwa kadiri ya kiingilio cha mlangoni baada ya mwenye vyombo kukata chake. Jina lenyewe la Matimila, ambalo vijana hulidhani kuwa neno la mafumbo, lilikuwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Fikirini: bendi iliyojulikana kuliko nyingine zote kwa kumsemea mnyonge iliitwa kwa jina la mwenye mali. Hatulisemi hilo kwa kumsuta mfanyabiashara, kwani bila yeye pengine magitaa yasingelia. Twalisema ili watu wajue mwanamuziki wetu alikuwa amesimama wapi siku Mwingereza alipomwita.

Na mwito ulikujaje? Kanda ilichukuliwa na rafiki, ikafika kwa waandaaji wa tamasha la WOMAD huko Uingereza, tamasha lililoanzishwa na Peter Gabriel na wenzake, Gabriel ambaye hapo awali alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki ya Genesis. Mwaka 1988 Super Matimila walisafiri na WOMAD, na mwaka huo huo ikatolewa huko santuri ya Nalilia Mwana, iliyokusanywa katika kanda za hapa nyumbani. Mwaka uliofuata Gabriel na WOMAD walianzisha chapa ya Real World, mgongoni mwa kampuni ya Virgin, na Songs for the Poor Man ikawa miongoni mwa santuri zake za mwanzo. Virgin haikuwa ngeni kwetu: mwaka 1982 ilikwisha kutoa Agwaya ya Orchestra Makassy, na mwaka 1983 Kaivaska ya Super Mazembe wa Nairobi. Kampuni ilikuwa inatafuta bidhaa mpya baada ya miaka ya roki, nayo ikaiona Afrika. Mwaka 1992 Virgin yenyewe ilinunuliwa na EMI, ile ile ya Queen. Hivyo ndivyo samaki wanavyomezana katika bahari hiyo.

Sasa twafika kwa wenye kujivuna. Wao husema: Uingereza imetutambua. Twawauliza, imetambua nini? Mnunuzi wa Bath au Manchester aliyeiweka santuri ile juu ya gramafoni yake alisikia magitaa yakijibizana, akasikia sauti nzito yenye huruma, akapendezwa. Hatumlaumu, kwani magitaa yale yalipendeza kweli. Lakini maneno hakuyasikia. Na Remmy mwenyewe aliuita muziki wake "ubongo", maana alitaka watu wafikiri. Kumsifu mtu wa maneno kwa gitaa lake peke yake ni kama kumsifu mhubiri kwa kanzu yake. Waliomsikia kwa ukamilifu walikuwa wale ambao santuri haikuwafikia.

Maana haikuwafikia. Santuri zile ziliuzwa kwa fedha za kigeni katika nchi za kigeni. Mwaka 1989 mwalimu wa Singida angeagizaje kitu cha paundi kutoka London? Fedha za kigeni zilikuwa hazitoshi hata dawa za hospitali. Kilichofika katika soko letu ni kaseti ya kunakili, iliyonakiliwa katika nakala nyingine, sauti imekauka kama inatoka ndani ya pipa, na katika kila kaseti iliyouzwa Remmy hakupata hata thumni. Nyimbo za mtu maskini, basi, zilikuwa na namna mbili: moja safi kwa asiye maskini, na moja ya wizi kwa maskini mwenyewe.

Hapa hatuna budi kumtaja Siti binti Saad, kwa sababu hao hao wanaokataa au kushangilia bila kupima humsahau. Mwaka 1928, miaka sitini na moja kabla ya santuri ya Real World, mwanamke huyu wa Fumba alivuka bahari mpaka Bombay, akarekodi kwa kampuni ya Kiingereza ya gramafoni yenye picha ya mbwa, His Master's Voice. Hiyo ilikuwa kampuni kubwa kweli kweli, tena ya mkoloni. Lakini kampuni ile ilitaka kuuza santuri kwa Waswahili. Sahani zilirudi Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, zikapigwa mabarazani, waliozisikiliza walielewa kila neno na kila kijembe, wakazinunua kwa fedha waliyonayo mfukoni. Mfanyabiashara alipata faida yake, lakini wimbo ulikwenda ukarudi nyumbani. Mwaka 1989 wimbo ulikwenda. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mwalimu anapaswa kuionyesha darasani, wala si tofauti ya kampuni kubwa na kampuni ndogo.

Kundi la pili ni la wanaokana. Hawa ni wachache zaidi lakini wana sauti, na baadhi yao ni washairi wenzetu. Husema: Remmy ni Mkongo, muziki wake ni wa Kikongo, magitaa ni ya Wazungu, kampuni ni ya Wazungu, utamaduni wa Taifa unaingiaje hapo? Twawajibu kwa Siti yule yule. Udi na fidla havikuchongwa Fumba, kampuni haikuwa ya Fumba, na Shaaban Robert hakuona haya kuandika wasifu wake na kuuweka katika hazina ya Kiswahili. Utamaduni hautambuliwi kwa hati ya kusafiria ya chombo. Remmy aliondoka Kindu akiwa na Kiswahili kinywani, maana Kindu ni mji wa Kiswahili tangu siku za misafara, akaja akakifanyia kazi Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka thelathini, akazikwa hapa hapa alipofariki Desemba 2010. Kituo kimoja huko Sinza wananchi wenyewe wamekiita kwa Remmy, bila ya amri ya Halmashauri. Mgeni hapewi mahali namna hiyo.

Tena watu wa kundi hili wangefaa wakumbuke kwamba hukumu za haraka juu ya muziki tulikwisha kuzijaribu. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam, katika majira yale yale ya Operesheni Vijana, suruali za kubana na nguo fupi zilipokuwa zikifukuzwa mitaani. Nia ilikuwa njema: Taifa changa lilitaka kusimama kwa miguu yake na kuondoa kasumba. Lakini marufuku haikuzaa wimbo hata mmoja. Nyimbo zilizaliwa katika studio ya redio na katika mishahara ya bendi za jumuiya, yaani pale Taifa lilipotoa kitu badala ya kuzuia. Nalo gitaa la umeme, lililodhaniwa kuwa mlango wa adui, ndilo lililobeba tenzi za siasa, maonyo ya ndoa, vilio vya misiba na matangazo ya kilimo.

Tuje kwenye neno lenyewe, kwa kuwa sisi ni watu wa maneno na hapa ndipo tunapoumia zaidi.

Katika santuri ile umo wimbo uitwao Sauti ya Mnyonge. Juu ya jalada, kwa Kiingereza, pameandikwa nyimbo za mtu maskini, au tuseme kwa ajili ya mtu maskini. Msomaji wa haraka ataona ni mamoja. Si mamoja. Maskini ni mtu aliyepungukiwa mali. Leo hana, akivuna vizuri mwakani atakuwa nacho. Mnyonge ni mtu aliyepungukiwa nguvu mbele ya mwenzake. Mkulima wa vitunguu wa huku kwetu anaweza kuwa na gunia mia ghalani, na mchuuzi akija na gari akamwambia jaza lumbesa, akajaza, kwa kuwa vitunguu vinaoza na gari ni moja. Huyo si maskini siku ile. Ni mnyonge. Ndiyo sababu Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotafuta chanzo cha kuonewa na kunyonywa kwetu halikukiona katika umaskini peke yake, likataja unyonge. Maskini husaidiwa kwa sadaka. Mnyonge hasaidiwi na sadaka. Yataka mizani ibadilishwe.

Na angalieni kihusishi. Sauti ya Mnyonge: anayesema ni mnyonge mwenyewe. Nyimbo kwa ajili ya maskini: anayeimba ni mwingine, maskini amekaa chini anasikiliza. Kwa kuvuka kutoka lugha hadi lugha, mtu aliyekuwa amesimama amekalishwa. Hatudai kwamba palikuwa na hila. Twasema tu kwamba soko lile lilikuwa na mahali pa kumweka Mwafrika maskini, pamekwisha kutayarishwa, penye huruma nyingi. Mahali pa kumweka Mwafrika mnyonge anayedai mizani hapakuwapo, kwa sababu mizani yenyewe imo dukani mle mle.

Lakini haki ni haki, nayo yatulazimu tuseme jambo jingine lisilotupendeza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Miaka ya mwanzo ya 1990 gonjwa lilikuwa linafagia vijiji, na watu wenye vyeo walikuwa bado wanatafuta maneno ya adabu ya kulisemea. Remmy hakutafuta. Alitunga Mambo kwa Soksi, akawahimiza wanaume kutumia kinga, kwa maneno ambayo mtoto wa mtaani angeyaelewa. Redio yetu iliona wimbo ule hauna staha, ikakataa kuupiga. Kwa hiyo masikio ya nchi, ambayo tumeyasifu hapo juu, yalizibwa na wenye kuyatunza, siku ambayo yalihitajika kuliko siku zote. Wimbo ulikwenda kwa kaseti, kwa mdomo na kwa kumbi. Anayesema kwamba kampuni ya ng'ambo huuzima moyo wa wimbo asisahau kwamba kidole cha ofisa nacho chaweza kuuzima, tena bila ya kulipa hata gharama za studio.

Washairi wenzetu wa vina na mizani wana hoja moja ya mwisho, nayo husemwa kwa sauti ya chini kwa sababu inanuka dharau: kwamba wimbo wa dansi si ushairi, kwa hiyo hauna nafasi katika vitabu vya shule. Sisi nasi twaandika mashairi ya vina na mizani, na hatuoni haja ya kuyaacha. Lakini tangu lini ushairi wa Kiswahili ukawa kitu cha kusomwa kwa macho tu? Utenzi hughaniwa. Shairi huimbwa. Aliyeutenga wimbo na ushairi alikuwa mtunga mtihani, kwa sababu karatasi haitoi sauti. Chukueni wimbo wa dansi muutazame: kwanza sehemu ya kuimba, ya taratibu, ambamo kisa huelezwa beti kwa beti, kisha gitaa la solo linachomoza, ngoma inabadili mwendo, na bendi inaingia katika chemko, watu wanainuka. Kisa cha kusikitisha kinachezwa. Mtu aliyefiwa anacheza. Hilo si kosa la utungo. Ni umbo lake, na lina maana ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuijadili kwa saa nzima kama akipewa nafasi. Umbo hilo lilitengenezwa ukumbini, ambako wimbo hauna saa, wala haukungoja upande wa santuri wenye dakika ishirini na kidogo.

Siku hizi santuri ile ya mwaka 1989 yapatikana kwa simu. Kijana wa Utemini au wa Kindai abonyeza, aisikia safi kuliko tulivyopata kuisikia sisi. Ni jambo jema, nasi tumelifurahia. Lakini aisikia kwa sababu kampuni ya Uingereza iliitunza kanda yake, ikaiandikia majina, ikaihamisha kutoka sahani mpaka katika mitambo mipya kila mitambo ilipobadilika. Nyimbo nyingine za Super Matimila, na za bendi ambazo hazikuitwa Box, zimo katika kanda za iliyokuwa Redio Tanzania, sasa TBC. Zile ambazo kijana hawezi kuzibonyeza, kwake hazikupata kuwako. Hivyo ndivyo kipimo cha ng'ambo kinavyojithibitisha chenyewe: bendi iliyopata mkataba yaonekana kuwa ndiyo pekee iliyokuwapo, si kwa kuwa wengine hawakuimba, bali kwa kuwa sisi hatukuweka.

Kwa hiyo tuna madai, nasi twayatoa kwa majina yake. Kwa walimu: pigeni Sauti ya Mnyonge darasani, kando ya shairi lo lote la kitabu, muwaulize wanafunzi maskini ni nani na mnyonge ni nani, na jalada limesema nini. Kazi hiyo haihitaji fedha wala kibali. Kwa watunga mitaala: wekeni maneno ya nyimbo za dansi katika vitabu vya ushairi, yakiwa na jina la mtunzi na idhini yake au ya warithi wake, wakilipwa kama alipwavyo mshairi ye yote. Kwa Serikali, dai letu lina gharama na twajua: kanda zote za muziki za Redio Tanzania zinakiliwe katika mitambo ya sasa, nakala ziwekwe katika maktaba za mikoa, Singida ikiwamo, na kila kanda iandikwe si jina la bendi na kiongozi wake tu, bali la kila aliyepiga: wa gitaa la solo, wa gitaa la pili, wa besi, wa ngoma, wa tarumbeta. Baadhi yao wako hai, ni wazee, na wanaweza kuzitambua sauti za vidole vyao wakisikilizishwa. Waitwe sasa.